Namba ilishakufa, mwenye akaunti yupo: barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya mawasiliano na mifumo ya mtandaoni

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA)
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Wakurugenzi wa kampuni za simu
Na wote wenye mifumo ambayo Mtanzania analazimika kuwa na akaunti humo

YAH: OMBI LA NJIA YA KURUDISHA AKAUNTI KWA MTU ALIYEPOTEZA NAMBA YA SIMU NA BARUA PEPE YA ZAMANI

Ndugu Viongozi,

Nina steshenari mjini Njombe. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti, lakini kazi inayoleta watu wengi siku hizi ni kuwajazia maombi mtandaoni: ya kazi, ya vyuo, ya mikopo ya elimu ya juu, ya vyeti vya kuzaliwa, ya TIN. Nawaandikia kwa sababu kuna aina moja ya mteja ambaye siwezi kumsaidia hata nikikesha naye, na ninyi mnaweza kumsaidia kwa kubadili taratibu chache zilizo mikononi mwenu.

Mteja huyo huja na bahasha ya vyeti. Ana kitambulisho cha Taifa, ana cheti cha kuzaliwa, ana vyeti vya shule, na uso wake ndio ule ulioko kwenye picha. Akaunti yake ipo, aliifungua mwenyewe miaka ya nyuma, ila nenosiri amelisahau. Tunabonyeza pale pa kusahau nenosiri, mfumo unajibu kwamba tarakimu za uthibitisho zimetumwa kwenye namba fulani, unaonyesha mbili za mwisho tu. Anaziangalia, anasema, "Mama, hiyo laini sina tena." Tunajaribu njia ya barua pepe. Barua pepe nayo ilifunguliwa kwa laini ile ile. Basi tujisajili upya. Mfumo unakataa: namba hii ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, imeshatumika. Dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku, na mtu huyu aliyekaa mbele yangu na vielelezo vyake vyote mezani hatambuliki popote.

Huwa tunapiga simu kwenye dawati la msaada. Ikipokelewa, tunaambiwa tutume barua pepe. Tukituma, jibu likija, mara nyingi linatutaka tutume ombi kwa kutumia barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti. Ndiyo hiyo hiyo iliyopotea. Sitaitaja mifumo husika kwa majina, kwa sababu shida hii haiko kwenye mfumo mmoja. Iko kwenye namna tulivyokubali, kama nchi, kumtambua mtu kwa laini ya simu.

Naomba msiwaone watu hawa kuwa wazembe. Mnakumbuka Januari 2020. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, ukomo ukawekwa Desemba 31, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20. Ilipopita Januari 20, 2020, laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Zoezi lile lilikuwa na sababu zake na sina ugomvi nalo. Lakini bila namba ya NIDA mtu hakuweza kusajili, na foleni za NIDA miezi ile zilijaa watu waliolala nje na watoto mgongoni. Wako waliopata namba ya NIDA baada ya laini kuzimwa. Walipoteza namba walizozitumia kwa miaka, na kila akaunti iliyofungamanishwa na namba hizo ikapotea nazo.

Zipo sababu nyingine za kila siku. Mtu anakwenda kuchimba dhahabu Chunya au kuvuna chai Mufindi, simu inaibiwa, anarudi na laini mpya. Mwingine anahamia kijiji ambacho mnara uliopo ni wa kampuni nyingine. Najua huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ipo tangu Machi 2017, lakini mtu wa kijijini akihitaji mtandao mwingine humwendea wakala aliyekaa chini ya mwavuli siku ya mnada, ananunua laini mpya, na ile ya zamani inabaki kwenye droo mpaka kampuni inaifunga. Wapo wasichana waliomaliza kidato cha nne na miaka kumi na sita au kumi na saba. Kitambulisho cha Taifa ni cha kuanzia miaka 18, kwa hiyo hawakuwa na laini ya jina lao. Wakatumia ya baba, ya kaka, ya mjomba. Baba amefariki. Kaka yuko Msumbiji. Na wapo wanawake, nao ni wengi kuliko mnavyodhani, waliotumia laini ya mume kwa sababu ndiyo simu pekee ya nyumba. Ndoa ikivunjika, akaunti inabaki kwa mume. Nimemwona mama akishindwa kuomba kazi aliyoisomea kwa sababu ili apate tarakimu sita ingembidi ampigie mume ambaye yeye alimkimbia kwa sababu ya kipigo. Alikunja karatasi zake akaondoka.

Barua pepe ina habari yake. Kwa sisi tunaofanya kazi hii, ni jambo la kawaida mno: mtu anafika, hana barua pepe, mfumo unaidai, anafunguliwa palepale kwenye kompyuta ya steshenari. Nenosiri linaandikwa nyuma ya bahasha. Steshenari nyingine huweka namba ya kijana wa dukani kama namba ya kurudishia, kwa sababu mteja ana kitochi kisichokuwa na chaji. Mwaka mmoja baadaye kijana wa dukani ameondoka, bahasha imeliwa na panya, na mteja anataka kuingia akiwa mji mwingine kabisa. Google wenyewe wanashauri kwamba anayetaka kurudisha akaunti atumie kifaa alichokizoea na awe mahali alipozoea kuingilia. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye kompyuta yake sebuleni. Kwa aliyefungulia akaunti Njombe kwenye kompyuta ya watu wote, na sasa yuko Tunduma, hauna msaada. Tena tangu Desemba 2023 Google walianza utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaingiwa kwa miaka miwili. Mhitimu aliyefungua barua pepe kwa ajili ya maombi ya chuo tu, akaisahau, anaweza kukuta haipo tena, wakati mfumo wa ajira bado unaitumia kama anwani yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila nikilieleza mtu hushtuka. Laini isipotumika kwa muda, kampuni huifunga, na baadaye namba ile huuzwa kwa mtu mwingine. Namba ya simu ni chumba cha kupanga: ukihama, anaingia mpangaji mwingine. Sisi tumejenga nchi ambamo barua za siri za mtu, mikopo yake na maombi yake ya kazi vinaendelea kupelekwa kwenye chumba alichohama, na mpangaji mpya ndiye anayevipokea.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichukua namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya wa kampuni mbili kubwa za simu za huko. Kati ya hizo, 171 zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu wengine kwenye tovuti maarufu. Hiyo ni takriban namba mbili katika kila tatu. Mnunuzi mpya angetaka ubaya, angebonyeza tu pale pa kusahau nenosiri, tarakimu zikamfikia yeye. Na hapa kwetu sihitaji kwenda mbali. Vijana wanaonunua laini mpya huja dukani kuniuliza kwa nini wanatumiwa ujumbe wa vikao vya harusi wasiyoijua, wanadaiwa mikopo ya simu ambayo hawakukopa, wanapokea tarakimu za uthibitisho za mifumo ambayo hawajawahi kuifungua. Hawana kosa. Lakini mwenye akaunti naye hana kosa, na hajui kwamba funguo zake ziko mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo nikiambiwa, kama nilivyoambiwa mara nyingi, kwamba masharti haya magumu ni ya kulinda usalama wa mteja, sikubali. Utaratibu huu unamfungia nje mwenye mali na kumwachia mlango wazi mgeni.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zetu ahakikishe ni sahihi na zinaendana na wakati, na inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Namba ya simu ambayo si yangu tena, iliyobaki kwenye akaunti yangu, ni taarifa isiyo sahihi. Nina haki ya kuirekebisha. Lakini nitaitumiaje haki hiyo ikiwa mwenye mfumo anakubali kuzungumza nami kupitia namba ile ile isiyo sahihi tu? Naiomba Tume itoe mwongozo unaosema waziwazi kwamba kushindwa kumpa mwananchi njia ya kubadili mawasiliano yaliyopitwa na wakati, huku akiwa na kitambulisho halali mkononi, ni kumnyima haki aliyopewa na sheria.

Najua mtauliza kuhusu matapeli. Ninaishi nao mjini hapa. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unatufikia sote, na namba 15040 ya kuwaripoti nimeibandika ukutani. Najua pia wapo mawakala waliomwekesha mtu kidole mara mbili, wakasajili laini ya pili kwa jina lake bila yeye kujua. Ndiyo maana wateja wangu nawafundisha kupiga *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Siombi mlango ulegezwe. Naomba mlango mwingine, wenye bawabu anayeutazama uso wa mtu.

Na mlango huo tayari mnao. Mtu akipoteza laini leo anakwenda dukani kwa kampuni ya simu na kitambulisho, anaweka kidole, kinalinganishwa na kumbukumbu za NIDA, laini inarudi. Kwa laini hiyo anaweza kupokea na kutoa pesa. Ikiwa kidole kinatosha kumrudishia mtu pesa zake, kwa nini hakitoshi kumrudishia akaunti ya maombi ya kazi? Wekeni huduma hiyo katika ofisi za halmashauri, na kwenye Posta zenye vituo vya Huduma Pamoja. Mtu afike, aweke kidole, aseme akaunti gani anaitaka, aandike namba yake ya sasa. Kisha ombi lisubiri siku kadhaa kabla ya kutekelezwa, na katika siku hizo ujumbe utumwe kwenye namba ya zamani na barua pepe ya zamani: kuna mtu ameomba kubadili mawasiliano ya akaunti hii, kama si wewe, sema. Tapeli hapendi kuonekana sura, hapendi kuacha alama ya kidole serikalini, na hapendi kusubiri. Mwenye haki atasubiri, alimradi ajue ni siku ngapi.

Nawasihi katika kupanga hayo msiwasahau watu ambao vidole vyao vimekwisha. Wakulima wa viazi wa huku kwetu, wapasua mbao, wagonga kokoto, wazee: mashine inawakataa mara tatu, mara nne, na wakala anawaambia warudi kesho. Kwa hao iwepo njia ya pili, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye picha na muhuri, pamoja na maswali ambayo mwenye akaunti pekee anaweza kuyajibu: alisoma wapi, aliomba nini mara ya mwisho, alilipa kwa namba gani ya malipo. Mtendaji ndiye anayewajua. Tunamwamini atuandikie barua ya dhamana ya mahakamani; atashindwaje hii?

Kampuni za simu, mzigo wenu nao ni mkubwa. India namba iliyofungwa hairuhusiwi kupewa mtu mwingine kabla ya siku 90. Marekani muda wa chini ni siku 45, na tangu Novemba 2021 ipo kanzidata ya namba zilizokatwa, ambayo kampuni inaweza kuiuliza kabla ya kupiga au kutuma ujumbe: je, namba hii bado ni ya mtu yule? TCRA, nawaomba mtuwekee muda wa kupumzisha namba ambao kila mwananchi anaujua, na kanzidata ya namna hiyo. Mfumo wa ajira au wa mikopo ungeuliza mara moja kwa wiki, ukajua kwamba namba ya fulani imefungwa, ukaacha kuitumia kabla mgeni hajainunua. Hakuna jina la mtu linalohitaji kutolewa katika hilo. Jibu ni ndiyo au hapana, na tarehe. Na kabla ya kuifunga laini, tumeni ujumbe unaosema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mwenye laini abadili kwanza namba kwenye akaunti zake. Mnatutumia matangazo ya bahati nasibu asubuhi na jioni. Ujumbe mmoja wa aina hii hautawashinda.

Kwa wenye mifumo nina jambo dogo ambalo lingeokoa watu wengi bila gharama. Mtu ambaye bado anaingia kwenye akaunti yake, nenosiri analikumbuka, akitaka kubadili namba msimwambie kwanza athibitishe kwa namba ya zamani. Huyo ndiye amekuja mapema, kabla ya shida, halafu anafukuzwa. Mruhusuni abadili kwa nenosiri na kitambulisho, mabadiliko yachelewe siku chache. Google hufanya hivyo kwa namna yao: ukibadili namba ya kurudishia, kwa siku saba wanaweza bado kukupa nafasi ya kutumia ile ya zamani, ili aliyeibiwa apate muda wa kushtuka. Na kila mfumo unapomaliza kumsajili mtu, umpe karatasi. Tarakimu za akiba, nane au kumi, za kuchapwa na kutunzwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Watu wetu wanatunza karatasi vizuri sana. Nimeona stakabadhi za pamba za miaka ya sabini zikiwa hazina hata kunyanzi. Simu hazitunziki hivyo.

Kuhusu kampuni kubwa za nje, Google, Meta na wenzao, najua hamna mkono mrefu wa kuzifikia zote. Lakini mnakutana nazo, mnakaa nazo kwenye mikutano, na Sheria ya 2022 inawapa sauti. Ziambieni kwamba watumiaji wao hapa wanabadili namba kwa sababu nilizozieleza, wanatumia vifaa vya pamoja, na hawana mtu hata mmoja wa kumwendea nchini. Facebook walikuwa na utaratibu wa kuchagua marafiki wa kuaminika wa kukusaidia kurudi ukifungiwa nje. Waliuondoa mwaka 2022. Utaratibu ule ulifanana na maisha yetu kuliko huu wa tarakimu: sisi tunadhaminiwa na watu. Ombeni urudi, kwa Kiswahili, na kwa maelezo ambayo mama wa duka la vitenge anaweza kuyafuata. Ukurasa wake wa biashara ukifungwa, mtaji wake wote umefungwa.

Maana msipoweka mlango wa halali, upo mwingine. Kila siku naona matangazo ya watu wanaojiita mafundi wa kurudisha akaunti. Wanadai elfu thelathini, elfu hamsini, itumwe kwanza. Wakishalipwa wanaomba namba ya NIDA na picha ya kitambulisho pande zote mbili. Wengi hutoweka hapo. Wachache huirudisha akaunti kweli, na kuanzia siku hiyo wao ndio wenye akaunti. Wateja wangu wamepita huko, wakaja kwangu wakiwa hawana pesa, hawana akaunti, na vitambulisho vyao viko kwa mtu wasiyemjua. Wafikirieni hao mnapoambiwa na wataalamu wenu kwamba hakuna tatizo kwa sababu malalamiko rasmi ni machache. Mtu asiyeweza kuingia kwenye mfumo analalamikia wapi, wakati fomu ya malalamiko iko ndani ya mfumo?

Maombi ya vyuo na mikopo huanza katikati ya mwaka. Naomba kabla ya dirisha lijalo kufunguliwa mtoe tangazo la pamoja, redioni na kwenye mbao za matangazo za kata, likieleza aliyepoteza namba na barua pepe aende ofisi gani, na kielelezo gani, na asubiri siku ngapi. Likitoka, nitalichapa kwa wino mweusi na kulibandika mlangoni, na sisi wenye steshenari tutawapeleka watu huko bila kuwatoza hata shilingi.

Wenu katika kazi,

Mwenye steshenari,
Njombe